Cucu Alisema "Yes"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ciakuthii alikuwa uani akipepeta ndengu. Upepo wa kijiji cha Gachoka ulichukua makapi na kuyapeleka hadi kwenye shamba la muguka, ambako mumewe, Kivuti, alikuwa akichuma majani hayo ya kutafuna huku akiimba wimbo wa kanisani.

Simu ikalia. Ciakuthii alijifuta mikono kwa leso akatazama. Ilikuwa namba ya binti yao, Cicily.

Cicily aliishi Uingereza. Alienda huko kufanya kazi ya kutunza wazee, na huko ndiko alikomzaa Kaari. Sasa Kaari alikuwa ameanza shule. Hakujua Kimbeere, lugha ya kwao, wala Kiswahili. Alijua Kiingereza tu, na alikizungumza mbio mbio. Neno moja tu la nyumbani ndilo alilolijua vizuri: Cucu, yaani nyanya.

Kila Cicily alipopiga simu, alimpa Kaari azungumze kidogo. Mtoto alisema maneno yake yote bila kupumua, na Ciakuthii alijibu, "Yes, yes. Very good." Kisha Cicily alichukua simu, akacheka na kueleza mtoto alikuwa amesema nini. Hivyo ndivyo nyanya na mjukuu walivyozungumza. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Jumamosi hiyo ilikuwa sauti ya Kaari tangu mwanzo.

"Cucu?"

"Kaari wangu! Yes!"

Mtoto akaanza kusema. Ciakuthii alisikia neno la mama. Akasikia neno la kulala. Akafurahi, kwa sababu maneno hayo mawili aliyajua. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na Kiingereza cha kitabuni hakikumshinda sana.

"Yes," alisema. "Very good."

Kaari akasema maneno mengine. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. Mwishoni ilipanda, kama ya mtu anayeuliza.

"Yes, yes, Kaari. Very good."

"OK, Cucu," mtoto alisema. Simu ikakatika.

Kivuti alikuja na gunia lake la muguka. "Nani huyo?"

"Ni Kaari. Anasema mama yake amelala."

"Huyo amefanya kazi usiku. Wacha apumzike."

Ciakuthii akarudi kwa ndengu zake.

Jioni, wakati anapika, simu ililia tena. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Mama, mimi ninaitwa Kathure," sauti ilisema. "Mimi ni wa Timau. Ninafanya kazi na Cicily huku. Baba yuko karibu?"

"Yuko. Kuna nini?"

"Cicily yuko hospitalini. Amepata kiharusi. Yuko hai, mama, usishtuke. Alianguka jikoni asubuhi. Hakuja kazini, na simu hakushika, ndiyo nikaenda kumwangalia baada ya kazi."

"Asubuhi?" Ciakuthii aliuliza. "Alikuwa na nani mchana wote?"

"Alikuwa na mtoto," Kathure alisema. "Mama, Kaari anasema alikupigia simu. Anasema alikuambia mama yake yuko sakafuni na haamki. Akakuuliza kama amwache alale tu. Ninamuuliza, sasa Cucu alisema nini? Anasema, Cucu alisema yes."

Ciakuthii aliketi chini, hapo hapo karibu na jiko. Kivuti akachukua simu mkononi mwake na kumalizia mazungumzo.

Cicily hakufa. Lakini mkono wake wa kushoto ulibaki umelegea, na mdomo ulikuwa mzito. Daktari alisema mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa hospitalini mapema, husaidika zaidi. Cicily alikuwa amelala sakafuni mchana mzima. Mtoto alikuwa amemfunika blanketi, akaketi kando yake akingoja aamke.

Kivuti hakumgombeza mkewe. Alisema neno moja tu.

"Mama Cicily, ungeniita."

"Wewe ungeelewa?"

"Hata mimi singeelewa. Lakini tungetafuta mtu wa kuelewa."

Neno hilo lilimuumiza Ciakuthii kuliko matusi, kwa sababu lilikuwa kweli. Hakusema "yes" kwa sababu alielewa. Alisema kwa sababu aliona haya kusema hajaelewa. Alimwonea haya mtoto mdogo wa mwanawe mwenyewe.

Kwa muda mrefu Kaari alikataa kuja kwenye simu. Kathure, aliyekuwa akimtunza, alijaribu kumshawishi. "Hataki, mama," alisema. "Nikimwambia ni Cucu, anaenda kujificha chumbani."

Siku moja Ciakuthii alienda kwa jirani yao, Mwalimu Rahema. Rahema alizaliwa Majengo, pale Embu mjini, na alikuwa amepanga nyumba karibu nao kwa sababu alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya hapo. Ciakuthii alibeba kitabu cha zamani cha Kiingereza alichokikuta ndani ya sanduku.

"Mwalimu, nataka unifundishe hiki kitabu chote," alisema. "Nikikijua chote, sitakosea tena."

Rahema alikuwa amesikia habari zao. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Alimkaribisha, akamwekea chai, kisha akachukua karatasi na kuandika maneno machache ya Kiingereza.

"Hebu soma hapa, Mama Cicily. Polepole."

Ciakuthii aliweka kidole chini ya maneno. "She... will... not... wake... up." Akayarudia kwa Kiswahili. "Yeye hataamka," alisema. Macho yake yakajaa machozi.

"Pole. Sikutaka kukuumiza," Rahema alisema. "Nataka uone kitu. Maneno haya unayajua. Umeyasoma na umeyaelewa. Sasa sikiliza mtoto wa huko anavyoyasema." Akayasema haraka: "Shiwontwekap."

"Shi nini?"

"Shiwontwekap. Ni maneno yale yale."

"Hayo ni neno moja!"

"Masikio yako yanasikia moja. Kitabuni kila neno lina nafasi yake. Mdomoni yanashikana, na mengine yanamezwa. Macho yako yamesoma Kiingereza. Masikio yako hayajakizoea. Ukisoma kitabu hiki chote, bado masikio yatabaki nyuma."

"Sasa nifanye nini, mwalimu?"

"Usikilize. Kidogo kidogo, kila siku. Lakini usikilize vizuri."

Rahema alichukua simu ya kupangusa ya Ciakuthii akarekodi sauti yake mwenyewe, hadithi fupi ya mtoto aliyepoteza kiatu. Kabla hajaicheza, alisema, "Kwanza jiulize. Nani anazungumza? Habari hii ni ya nini? Nimekuambia ni ya mtoto na kiatu. Basi akili yako iwe tayari kukutana na maneno ya kiatu, ya kutafuta, ya nyumbani. Ukijua unachongojea, unakisikia upesi."

Akaicheza. Ciakuthii alikunja uso.

"Nimesikia kiatu. Halafu nikapotea."

"Ulipotelea wapi?"

"Nilisikia neno moja, nikawa ninalifikiria. Kurudi, sauti imekwisha."

"Ndivyo inavyokuwa. Usilikimbilie kila neno. Lililokupita, liache liende. Sikiliza yale yanayosemwa kwa nguvu, hayo ndiyo yamebeba habari. Sikiliza mpaka mwisho kwanza, kisha urudie."

Ciakuthii aliinamisha kichwa. Alikumbuka ile Jumamosi. Alikuwa ameshika neno la mama na neno la kulala, akafurahi nayo, na mengine yote yakapita.

"Na kuna vineno vidogo vya kukataa," Rahema aliendelea. "Kama lile not. Linamezwa, halisikiki vizuri, lakini linageuza maana yote. Kulisikia ni kazi, lazima ulisake. Sasa niambie, siku ile sauti ya Kaari ilikuwaje?"

"Ilikuwa ndogo. Si kama siku zote."

"Masikio yako yalikuambia kuna kitu."

"Yaliniambia, mwalimu. Sikuyasikiliza."

Chai ilikuwa imepoa.

Mwishowe Rahema alisema, "La mwisho ndilo kubwa. Usimwambie mtu yes kwa jambo usilolielewa. Kutoelewa si aibu. Hata mimi nikizungumza na mzungu kwa simu, namwomba arudie. Sema, say again, slowly. Maana yake, sema tena, polepole. Ukishasikia, mrudishie kwa maneno yako yale uliyosikia. Kama umekosea, atakusahihisha. Na kama ni jambo kubwa na bado huelewi, omba mtu mzima, au tafuta mtu wa kukusaidia pale pale."

Ciakuthii alianza kujifunza. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shambani, alisikiliza sauti ile fupi. Mara ya kwanza aliisikiliza yote bila kusimama. Kisha aliirudia na kusimama palipomshinda. Kisha alifungua karatasi ambayo Rahema alikuwa amemwandikia maneno ya hadithi, na kutazama ni nini kilichompita. Mara nyingi alikuta ni neno analolijua, limejificha ndani ya jingine. Mwisho aliisema pamoja na sauti, kwa mwendo ule ule, ulimi ukijikwaa. Rahema alimwambia kwamba sikio hulijua upesi neno ambalo mdomo umelizoea.

Kathure naye alimtumia sauti za Kaari akisoma vitabu vyake vya shule. Mtoto hakujua zinapelekwa kwa nani. Ciakuthii alizisikiliza nyingi akiwa peke yake kwenye muguka. Siku nyingine alikwama kwa uchungu wa ile sauti yenyewe, akashindwa kuendelea.

Kivuti alianza kwa kutazama tu. Baadaye akawa anaketi karibu. Usiku mmoja wakila, Ciakuthii alimwomba chumvi.

"Say again, slowly," Kivuti alisema.

Ciakuthii alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Kisha akaacha kucheka ghafla, akainuka kwenda kuosha vyombo.

Cicily aliporudi nyumbani kutoka hospitalini, alipiga simu mwenyewe. Alizungumza polepole, maneno yakivutana.

"Mama, najua unajilaumu."

"Nisijilaumu vipi, na mkono wako hauinuki?"

"Mimi pia nina makosa. Kaari sikumfundisha lugha ya kwetu. Kila siku niliona ni rahisi nikiwatafsiria. Niliwaacha nyinyi wawili mkichekeana tu, hamsikilizani."

"Wewe ulikuwa sakafuni, Cicily. Mimi nilikuwa na simu mkononi."

Cicily akamwita Kaari.

Halafu Ciakuthii alisikia minong'ono, na sauti ndogo ikaja kwenye simu.

"Cucu?"

Ciakuthii alikaza simu sikioni. Alijiuliza kama alivyofundishwa: ni nani anazungumza, na anaogopa nini?

Kaari alisema kitu. Kilikuwa kifupi, na mwishoni sauti ilipanda. Neno "yes" lilikuja lenyewe hadi kwenye ulimi wa Ciakuthii, kwa mazoea ya miaka. Akaliuma.

"Say again, Kaari. Slowly."

Mtoto alirudia. Ciakuthii alisikia neno la mama. Akasikia "my", yaani yangu. Lakini neno lililofuata hakulijua. Fault. Hakuwahi kukutana nalo, hata kitabuni.

"Kaari, I don't understand," alisema kwa taabu, akikiri kwamba haelewi. "What is fault?"

Mtoto alifikiri. Kisha akaeleza polepole, kwa Kiingereza chake cha shule, kama anayemfundisha mtu mdogo kuliko yeye. Alisema ni wakati jambo baya linatokea, na ni wewe umelifanya.

Ciakuthii alimrudishia alichosikia, kwa maneno yake, ili awe na hakika kwamba mtoto anauliza kama yeye ndiye aliyemfanya mama augue. "Mum is sick. You ask me, you did it?"

"Yes," Kaari alisema. Akaanza kulia.

Hapo ndipo Ciakuthii alipoelewa kwa nini mtoto alikuwa akijificha. Hakuwa akimkasirikia nyanya yake. Miezi yote hiyo alikuwa amejibebesha mzigo wa mtu mzima, na alikuwa akiogopa kuuliza, asije Cucu akasema yes.

"No," Ciakuthii alisema. "No, no, Kaari. Not you. You are a good child. You called me. I did not hear." Mtoto alikuwa amempigia, na yeye ndiye hakusikia. Alitafuta maneno mengine, akakosa. Akarudia yale aliyokuwa nayo. "Not you. Me. Cucu."

Kaari alilia kwa muda. Ciakuthii hakumkatiza. Alisikiliza tu, mpaka kwikwi zikapungua.

Mkono wa Cicily haukurudi ulivyokuwa. Anajifunza kupika kwa mkono mmoja, na kazi ya kuinua wazee ameiacha. Ciakuthii hajajisamehe, na Kivuti ameacha kumwambia ajisamehe. Lakini kila Jumamosi simu inalia, na ni Kaari anayepiga. Anaeleza habari za shule na za mama yake, na kila akiharakisha, Cucu humsimamisha. Kaari naye sasa amejifunza kungoja. Humaliza jambo moja, kisha huuliza kwa Kimbeere alichofundishwa na nyanya yake kama Cucu amesikia, na haendelei mpaka ajibiwe.