Anayekataa Abiria Aseme Sababu

Kila asubuhi teksi hujipanga kando ya soko, moja nyuma ya nyingine. Wa mbele huchukua abiria wa kwanza, anayefuata husogea. Hakuna kusukumana. Lakini madereva wa pale walikuwa na mtindo wao mmoja, na huo ndio uliozaa balaa. Wa mbele akimkataa abiria, wote wa nyuma nao humkataa. Hawaulizi. Wanajisemea kwamba mwenzao ameona kitu. Labda yule ni mwizi, labda ana kisu. Basi wanatazama pembeni kama hawajamwona.

Siku hiyo wa mbele alikuwa dereva waliyemwita Mnyoofu. Hanywi, hatukani, hasemi uongo hata wa mzaha. Wenzake walimtania kwamba hata kona huipinda shingo upande. Dini yake inakataza pombe, naye alikuwa ameapa kuwa gari lake halitabeba mlevi wala mtu wa kilabuni. Gari ni lake, hakuajiriwa na mtu. Nani wa kumuuliza?

Akaja mwanamke mbio kutoka ng'ambo ya barabara. Alivaa fulana ya kazi yenye picha kubwa ya chupa ya bia.

"Kaka, tafadhali. Tupite pale kilabuni tumchukue..."

Mnyoofu hakungoja amalize. "Huko siendi, dada. Tafuta mwingine." Akapandisha kioo.

Mwanamke akaenda gari la pili, la tatu, la nne. Wote walitazama pembeni. Mnyoofu alimwona akirudi mbio alikotoka, akajisikia vizuri, tena vizuri sana, kama mtu aliyeshinda jaribu.

Raha hiyo haikufika mchana. Dereva wa gari la pili, Kibonge, alimfuata akiwa na sura ya msiba.

"Mnyoofu, yule mama ulimkatalia nini?"

"Mtu wa kilabuni yule. Dini yangu hairuhusu."

"Basi? Hukumwona na kisu?"

"Kisu cha nini?"

Kibonge akashika kichwa. "Mimi nilijua umeona hatari. Mwenzangu, alikuwa anamtafutia gari mwanawe. Wenzake wa kilabuni wamesema mtoto alishikwa na degedege pale kazini kwake. Nimempita baadaye, gari langu limejaa abiria, amembeba begani, anakimbia naye hospitali kwa miguu. Kichwa cha mtoto kinaning'inia tu."

Hospitali iko mbali, na njia yote ni mlima.

Alirudi nyumbani. Chakula hakikushuka. Hodi ikipigwa kwa jirani, yeye anaruka, anadhani ni polisi. Akifumba macho, anakiona kile kichwa kinaning'inia.

"Baba watoto, unaumwa?" mkewe aliuliza.

"Nadhani nimeua mtoto wa watu."

Mkewe akakaa palepale sakafuni. Alipoisikia habari yote hakumlaumu. Alitoka akamwita jirani yao, katibu wa chama cha madereva wa teksi, mwanamke asiyemung'unya maneno.

"Gari ni langu," Mnyoofu alijitetea. "Sijaajiriwa na mtu."

"Gari ni lako, shemeji," katibu alisema. "Lakini leseni ya teksi ni ya kuhudumia umma. Lingekuwa gari la kutembelea tu, ungembeba unayemtaka. Wewe umeliweka kwenye foleni, umewasha taa ya teksi. Hapo umeshawaambia watu wote wapande."

"Kwa hiyo dini yangu niiache nyumbani?"

"Nani kasema? Siku ya ibada usifanye kazi, hakuna wa kukuuliza. Saa ya kusali zima taa, toka kwenye foleni, kasali. Anayekutishia, anayetaka kupigana, mwenye mzigo wa hatari, huyo mkatae. Mlevi anayekushika usukani mkatae pia. Hapo unakataa anachokifanya. Lakini humkatai mtu kwa dini yake, kabila lake, nguo yake wala kazi yake. Kwa kanuni zetu hapa, ofisi ya leseni inaweza kukunyang'anya leseni. Kwingine kanuni ni nyingine, ndiyo maana dereva anauliza ofisi yake, hajitungii."

"Na Mungu akiniuliza habari ya pombe?"

"Hayo kamuulize kiongozi wako wa dini, mimi ni mtu wa leseni. Lakini shemeji, hukuombwa unywe. Uliombwa uendeshe gari."

Mnyoofu akauliza lile aliloliogopa tangu asubuhi. "Unadhani mtoto yu hai?"

"Sijui. Na ukikaa hapa hutajua."

Mnyoofu aliwasha gari, akaupanda ule mlima wa hospitali. Mlangoni mwa wodi ya watoto alisimama. Kitanda cha karibu kilikuwa kitupu, kinatandikwa shuka jipya.

"Unamtafuta nani?" muuguzi alimuuliza.

"Mtoto wa degedege. Ameletwa leo na mama yake, kwa miguu."

"Wewe ni nani wake?"

Angeweza kusema ni mjomba. Safari hii uongo ulimfika mpaka mdomoni. Akaumeza.

"Ni dereva. Nilikataa kumleta."

Muuguzi alimtazama usoni. Halafu akasema, "Alifika amechelewa, tumehangaika naye sana. Yuko kitanda cha mwisho. Anapumua."

Mnyoofu alilia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zake.

Mama wa mtoto alipomwona alivuta kanga haraka, akaifunika ile picha ya chupa.

"Usijifunike, dada," Mnyoofu alisema. "Nimekuja kukuomba radhi. Mkiruhusiwa, nitawarudisha nyumbani bure."

"Nilitaka kukwambia ni mtoto. Hukuniacha niseme." Alimvuta mtoto karibu. "Na ukitupakia, utatushusha njiani?"

"Hapana, dada. Mpaka mlangoni kwako."

Siku waliporuhusiwa aliwapeleka. Njia nzima mama alishikilia kitasa cha mlango. Hakumwamini, na Mnyoofu aliona hana haki ya kuomba aaminiwe. Mtoto yeye hakuwa na habari. Alitaka honi ipigwe, ikapigwa mpaka wapita njia wakakasirika.

Madereva walikaa kikao na katibu wao, kila mmoja akiogopa kwamba wa mbele siku ile angeweza kuwa yeye. Waliuacha ule mtindo wao. Wakakubaliana kwamba anayekataa abiria aseme sababu kwa sauti, wote waisikie, na ikiwa haifai, wamwambie.

Hazikupita siku nyingi, Mnyoofu akawa wa mbele tena. Mwanamume mmoja akatoka kilabuni, ananuka bia, anayumba kidogo. Hakumtukana mtu. Alitaka kwenda kwake kulala. Mnyoofu akasita.

"Vipi, unamkataa?" Kibonge aliita kutoka nyuma. "Sema sababu tusikie."

Vichwa vilikuwa vimetoka madirishani, foleni nzima. Mnyoofu alimtazama tena mtu yule, hakuona sababu ya kumkataa. Alishuka akafungua mlango wa nyuma.

"Panda, kaka," alisema. "Ufunge mkanda."