Mkono Kwenye Nyonga

Kidude kilichobandikwa juu ya mlango, kinachonusa mionzi ya wagonjwa waliodungwa dawa ya kupigia picha, kililia kinyozi alipopita kwenda chumba cha kusubiri. Kisha kikalia tena. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Muuguzi alisema kinazeeka. Akamkumbusha anywe maji mengi, aende haja ndogo mara kwa mara, na hadi kesho asikae karibu na watoto. Kinyozi akaitikia. Tangu aambiwe ana saratani ya tezi dume alikuwa mtu wa kuitikia tu. Nyonga ya kushoto ilikuwa ikimuuma tangu mvua zilizopita, na picha hii ya mifupa ndiyo ingesema kama ugonjwa umefika huko. Kama haujafika, angefanyiwa upasuaji. Kama umefika, hakuna wa kumpasua.

Alikaa peke yake. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, harufu aliyoijua kama jasho lake mwenyewe. Alipoweka mkono kwenye kiti cha pembeni, kilikuwa na joto, kama cha mteja aliyeinuka sasa hivi. Alikitazama. Hakuhama. Baadaye akatambua kuwa nyonga imeacha kuuma. Haikuwa imepona, ilikufa ganzi, kama fizi ya mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Mpiga picha, dada mmoja mpole, alimlaza chali chini ya kamera akamwambia asitikisike. Kinyozi alisema na yeye huwaambia wateja hivyohivyo, na asiyesikia huondoka na sikio pungufu. Dada alicheka. Mifupa ikaanza kujichora kwenye kioo cha kompyuta, kuanzia fuvu kushuka: mabega safi, mbavu safi, uti wa mgongo safi. Kwenye nyonga likatokea doa.

Dada hakushtuka. Mkojo wa aliyedungwa hubeba dawa, na tone moja kwenye nguo huidanganya kamera. Alimpeleka chooni, akampa suruali nyingine, akapiga upya. Doa lilikuwa limepanda juu kidogo. Akabadilisha shuka. Safari hii lilikuwa limegawanyika, na aliposogeza uso karibu na kioo akaona, huku harufu ya nywele zilizoungua ikiingia chumbani humo ambamo hakukuwa na kitu cha kuungua, kwamba ni vidoa vitano vilivyoukumbatia mfupa, vinne pamoja na kimoja kikijitenga, na kwamba kimoja baada ya kingine vilikuwa vikiinuka na kutua, taratibu, kama vidole vya mtu anayesubiri na hana haraka.

"Binti," kinyozi aliita, bila kugeuza shingo. "Imefika kwenye mfupa?"

"Siruhusiwi kusoma picha, baba."

"Usinisomee. Niambie tu unachokiona."

Dada alinong'ona. "Mkono. Umekushika."

"Wa mtu?"

"Sijui, baba. Ni mrefu."

Daktari aliitwa. Mbele ya watu alisema labda kamera ina hitilafu. Lakini ukumbini alimwambia mke wa kinyozi, kwa sauti ya chini, kwamba saratani iliyoingia kwenye mfupa haihamihami. Kile kilichokuwa kikitembea pale hakikuwa ugonjwa. Kilichofunikwa chini yake hakuweza kukiona. Warudi wiki ijayo.

Kesho yake mchana mke alimleta mganga nyumbani, mama mnene mwenye miwani, aliyezoea kutoa majini kwa watu kama fundi bomba anavyozibua sinki. Aliweka kiganja juu ya nyonga, akakitoa upesi, akakipuliza. Alisema yumo, ni wa moto, na amevutwa na ile dawa inayowaka bila moshi. Kazi ndogo, angetoka leo leo.

"Ukimtoa," kinyozi aliuliza, "hapo patabaki nini?"

"Utabaki wewe."

"Na alichokishika?"

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga. "Mimi natoa majini, ndugu yangu. Alichokishika sikijui."

Mke alisema kwa kunong'ona kwamba hawezi kulala nyumba moja na kitu kile. Kinyozi alimwelewa. Alimwambia akalale kwa binti yao kwa sasa, naye hakumlaumu kwa hilo, wala hakumlaumu mganga, wala, alipojichunguza vizuri, hakumlaumu hata yule mgeni; maana maadamu ule mkono upo, lile doa lina mwenyewe, na siku ukiondoka, kama doa litabaki, litakuwa lake yeye, na hakutakuwa na mtu wa kumbebea.

"Mwache," alisema.

"Atapanda," mganga alionya. "Hawatulii mahali pamoja."

"Atapanda mpaka wapi?"

Mganga alirudisha miwani usoni. Alimtazama kifuani, kisha akamshika mke mkono, wakatoka.

Nje jua lilikuwa kali na mtu alikuwa akipigilia misumari kwenye bati. Kinyozi alijilaza kitandani akasikiliza nyundo. Hakuhisi chochote kuanzia kitovu hadi goti. Baada ya muda alijisogeza, akajibana ukutani, akaacha nafasi.

Godoro likabonyea.