Ncha ya Plasta

Plasta ilikutwa ukutani juu ya kitanda cha mtoto njiti, imebandikwa ikanyooka, na ncha yake imekunjwa. Muuguzi aliitazama akachukia. Kukunja ncha ulikuwa mtindo wake: plasta inayoshikilia mpira wa maziwa puani ikikunjwa ncha, siku ya kuitoa haichuni ngozi. Wodi nzima ni yeye tu mwenye subira hiyo, na alipenda lijulikane. Sasa mpira umelala shukani, na mtoto na njaa yake.

"Umeutoa tena?" alimuuliza mama wa mtoto.

"Haki ya Mungu sijaugusa, dada," mama alinong'ona. "Kuna kitu kinakuja. Nakisikia kikibandua, krrr, polepole. Kinakaa hapa kitandani na godoro halibonyei."

Muuguzi alicheka kwa dharau. Visingizio vya akina mama alikuwa navyo gunia zima. Akaurudisha mpira, akahakikisha umefika tumboni, akabandika, akakunja ncha. Kisha akamtoa mama nje na kufunga mlango wa kioo kwa komeo, yeye akabaki ndani.

"Tuone sasa nani ataubandua."

"Usimwache peke yake!" mama alilia nyuma ya kioo. "Mimi namwekea mkono usoni, ndiyo maana kinaishia kwenye mpira tu! Nakusihi, dada yangu!"

Muuguzi alimpa mgongo, na hapo ndipo harufu ya maziwa yaliyoungua ilipomfikia, kwanza kwa mbali kama ya jikoni kwa jirani, kisha ikamjaa kooni, na watoto wote wodini wakanyamaza kwa pamoja, na katika ukimya ule akasikia krrr, polepole, kwa subira kama yake mwenyewe, na miguu ikamgomea, akabaki amesimama pale pale na jua la mchana likiwaka dirishani, mpaka sauti ilipokwisha.

Alipofika kitandani, plasta ilikuwa imefunika pua na mdomo wa mtoto. Aliibandua. Mtoto alikuwa ameshapoa, hapumui.

Daktari alipofunguliwa mlango, aliokota ile plasta, akaigeuza. Ncha ilikuwa imekunjwa vizuri. Wauguzi wengine walioingia naye walitazamana.

"Sijaigusa," muuguzi alinong'ona. "Haki ya Mungu sijaigusa. Kuna kitu kilikuja."

Daktari alicheka kidogo, bila furaha, akaagiza aitwe mlinzi.

Mlangoni alisimama mama. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba muuguzi anasema kweli, na hakufungua mdomo.