Chumvi Ndani ya Mashine ya Saada

Apa kwanza kwamba haya hayatavuka mdomo wako. Mimi niliapa mbele ya Saada kwa rozari, lakini rozari yenyewe ilikuwa imekatika, shanga kumi hazipo, nadhani na kiapo kikabaki na upenyo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu. Saada, mjane wa kutoka Nalasi, alipanga chumba cha mbele kwa mama Theodosia, pale Majengo, akaweka mashine kuukuu ya gemu iliyotoka Dar: kubwa kama kabati la nguo, kioo usoni, vijiti vya kuongozea ndege za vita. Wa kwanza kufika kila siku hakuwa mtoto. Alikuwa mzee Bartolomeo, mume wa Theodosia, karani mstaafu, ambaye hata misa ya jioni ilianza kumshinda.

Kisha picha ikaanza kusinyaa. Kidogo tu, pembeni, kama ngozi iliyoanikwa. Kesho yake ndege zikageuka kijani, zikatetemeka, kioo kikafa. Nyuma ya mbao pakasikika mkwaruzo, na harufu ya nywele zilizoungua.

"Kaja na jini lake," Theodosia alituambia bombani. "Likiwa bado limo Jumapili, atoke nalo."

Saada alikuwa na siku nne, watoto wawili, na hakuwa na pa kurudi. Mashemeji walishagawana mikorosho ya marehemu.

Akaitwa Sixbert, fundi redio. Akapima ukutani kwa testa, umeme upo. Akaweka fyuzi mpya, ikaungua. Ya pili vilevile. Akachomoa waya, akasema atarudi kesho. Aliporudi akafungua mlango wa nyuma wa mashine.

"Usiingize mkono, dada. Kioo hiki hutunza umeme hata waya ukiwa nje."

"Mpaka lini?"

"Saa chache." Akainamisha sikio. "Lakini nilichomoa jana, na bado inanguruma."

Wakasikiliza wote wawili, na ule mngurumo ukawa unapanda na kushuka taratibu kama pumzi ya mtu aliyelala chali, na harufu ya nywele ikazidi, na katikati ya kioo kilichozimwa pakatokea weupe mdogo, kama punje ya mchele, ukatanuka, ukawatazama, ukafumba.

Sixbert alitaka kufunga virago. Saada ndiye aliyeona ukoko mweupe juu ya nyaya. Akamwomba aukwangue kwa bisibisi, akauonja.

"Chumvi," alinong'ona. "Fundi, jini halili chumvi. Kwetu chakula chao hupikwa bila hiyo. Hapa kuna mtu anamwaga maji ya chumvi."

"Na huo mngurumo ni wa mtu?"

Jumamosi Saada akatangaza bombani kwamba anakwenda Namtumbo kusalimia. Kumbe tulikuwa tumejibanza nyuma ya pazia lililogawa chumba chake, yeye na majirani saba, na mzee Bartolomeo katikati yetu; Sixbert alivizia nje ya mlango. Mimi nilikalia gunia la mahindi. Nisingekosa hata kwa homa.

Saa nane mchana ufunguo wa akiba ukageuka mlangoni. Theodosia akaingia na chupa ya maji ya baraka aliyoyakoroga chumvi. Akazunguka nyuma ya mashine, akaufungua mlango wake.

"Mwache Bartolomeo wangu," alinong'ona. "Miaka thelathini namsemesha hanitazami. Kumbe macho yote anakupa wewe."

Akaingiza mkono mmoja kupapasa, wa pili umeinua chupa. Saada akavuta pazia.

Tukamwona wote, mkono umezama hadi kiwiko, maji yanadondoka sakafuni.

"Theodosia," mzee Bartolomeo akasema taratibu, "ni wewe?"

Mkewe akainamisha kichwa. "Ni mimi. Kila siku ni mimi. Saada hana kosa, abaki na chumba chake." Kisha akajaribu kurudi nyuma, bega likavutika, akavuta tena. "Nimeshakiri mbele yenu. Sasa mwambieni fundi mliyemficha humo aniachie mkono."

Tukageuka. Sixbert alikuwa mlangoni, hatua sita kutoka pale, waya wa mashine, plagi na yote, unaning'inia mkononi mwake.

"Mimi niko huku, mama," alisema.

Kioo kikawaka.