Nimekupenda kwa Kiingereza

Siku ya soko pale Chepseon watu hukanyagana, na Chelangat alimkanyaga Wambugu mguu wa kulia, tena kwa kisigino.

"Woi, pole sana!"

"Pole haitoshi, msupa. Nunua koti."

Wambugu aliuza makoti ya mitumba, kofia ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi kwa baridi ile. Chelangat, mwanafunzi wa ualimu chuoni Kabianga, sketi ya buluu na sweta ya manjano, alinunua koti asilolihitaji. Wiki iliyofuata akarudi kununua lingine. Mnajua mambo haya yanavyoanza.

Wambugu aliacha shule akiwa kidato cha pili na sasa alitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kiingereza ndicho kilichomtoa jasho, basi Chelangat akawa anamfundisha kwa simu kila jioni.

"Past simple ni rahisi, babe. Ukiona -li- ama -me-, ongeza tu ed. Nimepika, cooked. Nimefunga, closed."

"Nimeenda, goed?"

"Goed! Wambugu, utaniua na kicheko!"

Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha siku moja mchana, Chelangat akiwa kwenye foleni ya chakula chuoni, ujumbe ukaingia: "I loved you."

Loved! Moyo ukamlipuka. Kumbe yameisha? Rafiki yake Rodah alikuwa amemwonya kwamba huyo atarudi kuoa kwao. Chelangat hakuuliza neno. Alimblock palepale, sahani mkononi, akaenda kulia chooni.

Muhula uliofuata alipelekwa shule moja ya Kipkelion kufanya mazoezi ya kufundisha. Msichana mmoja, Bochaberi, alitafsiri "Nimechoka" akaandika "I was tired."

"Hapana, Bochaberi. Nimechoka ni sasa hivi! Uchovu bado uko, haujaenda po..."

Chaki ikamponyoka. Nimechoka, bado nimechoka. Nimekupenda, bado nakupenda. Mungu wangu, ni yeye mwenyewe aliyemfundisha vile! Darasa zima likamtazama, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Siku ya soko alikuwa Chepseon kabla ya saa tatu.

"Wambugu, nilikufundisha vibaya. Wewe uliandika nimekupenda, mimi nikasoma nilikupenda. Makosa ni yangu."

Wambugu aliendelea kukunja makoti.

"Kiingereza sikilaumu, mwalimu. Nilikaa hapa nikiangalia hayo maneno matatu, nikitafuta nimekosea wapi. Lakini si Kiswahili unajua? Mbona hukuniuliza na Kiswahili?"

Chelangat alitamani ardhi immeze. "Niliogopa utasema ni kweli."

"Na mimi sikuogopa? Hiyo message niliiandika wiki nzima. Halafu napiga simu, haiingii. Nilidhani umenicheka."

Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kumcheka. Machozi yakamtoka mbele ya wateja.

"Nisamehe, Wambugu."

Wambugu akakunja koti moja zaidi. "Nimekusamehe."

Chelangat alimrukia kumkumbatia, lakini yeye akainua mkono kumzuia.

"Ngoja. Nimekusamehe, na bado nimekasirika. Yote mawili ni ya sasa."

"Sawa," alisema Chelangat, akipangusa macho na mkono wa sweta. "Basi mimi nakaa hapa mpaka hasira iishe."

Akaketi juu ya robota la makoti, na Wambugu hakumwambia ainuke.