Nyati Tuliyemwacha

Kama una mpango wa kwenda kuwinda nyati, nikupe ushauri mmoja nilioupata kwa hasara. Usimwache aliyejeruhiwa. Ukikosea upepo au shabaha, utarudi kambini uchekwe, basi. Ukimwacha nyati na risasi mwilini, umekwisha.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida. Kaka yangu, kiongozi wa wawindaji, alikunywa chai amesimama, akafuta darubini kwa pindo la shati, akaniuliza kama nimeamka mzima au nimeamka na uvivu wangu. Mimi nilikuwa mfuata nyayo wake. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kunibishia nikisema mnyama kapita hapa. Siku hiyo tulikuwa na mgeni mmoja, mtu wa maneno mengi na viatu vipya.

Saa nne mgeni akafyatua. Risasi ikampata nyati chini ya bega, ikamvunja mguu bila kumwua. Tukakaa kivulini nusu saa, maana ukimkimbiza papo hapo unamwongezea hasira na mwendo. Kisha tukafuata damu.

Kufika saa saba mgeni anachechemea kwa malengelenge na kulalamika njaa. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimechoka. Mbele yetu palikuwa na kichaka kizito. Niliona damu mbichi, na majani yaliyokanyagwa yakiinuka taratibu. Nyati alikuwa hai, karibu, amezunguka na kulala kando ya njia yake mwenyewe, anatungoja.

"Huyo ameshakufa, kaka," nikasema. "Tutakuja kesho na gari."

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Hakika."

Kesho yake hatukukuta mzoga wala mfupa.

Wiki mbili baadaye kaka aliniita nyumbani kwake mjini, mchana kweupe. Ukuta mrefu, geti la chuma, uwanja wote saruji. Akanionyesha sakafu ya baraza. Alama tatu za kwato, matope mabichi. Ya nne ilikuwa mstari, mguu ulioburuzwa.

"Uliniambia amekufa," akanong'ona.

"Amekufa, kaka."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nikaangalia pembeni.

Siku ya tatu alama zilifika mlangoni. Siku ya tano, kwenye korido. Kaka hakutoa bunduki kabatini.

Ijumaa, saa sita mchana, shemeji alikuwa anaanika nguo. Akasikia kwato ndani ya nyumba. Moja. Mbili. Tatu. Kisha mburuzo. Akamwita mumewe. Kaka akamjibu kwa utulivu abaki huko huko nje. Mlango wa chumba ukafunguka. Halafu kimya.

Nilipofika nilimkuta kaka chali kwenye korido, mbavu zimepondeka zote. Korido ile mimi mwenyewe hupita mabega yakigusa kuta.

"Wewe ndiye unayejua nyayo," shemeji akanong'ona. "Soma. Ametokea wapi?"

Nilisoma. Nyayo ziliingia. Hazikutoka.

Hapo nikavunjika. Nikamwambia kila kitu: majani, damu, uchovu wangu, uongo wangu.

"Alijua," shemeji akasema, hata hakulia. "Majani aliyaona na yeye. Alisema akikuumbua mbele ya mgeni, kampuni itakufukuza kazi. Alikuwa anakungoja umwambie mwenyewe."

Nimezika watu wengi. Hakuna aliyeniuma kama huyu, na hakuna wa kumlaumu ila mimi. Mgeni? Alishapanda ndege zamani, viatu vyake vimeshakauka matope.

Shemeji alihamia kwa mama yake. Nikamwita fundi avunje sakafu ya korido na kumwaga zege jipya. Alimaliza jioni, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo nikakaa nao mimi.

Asubuhi nikafungua. Zege lilikuwa bado bichi. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Palikuwa na bonde kutoka ukuta hadi ukuta, na alama za manyoya, pale mnyama mkubwa alipolala usiku kucha. Kichwa alikilaza kuelekea mlangoni, pale niliposimama.