Wembe wa Mpini wa Pembe

Asubuhi ya nne baada ya kuununua, Audax aliukuta wembe umelowa, na yeye alikuwa hajanyoa.

Mwaka huo wa 1949 alikuwa karani wa bandarini, Mhaya aliyefiwa na mkewe Yuliana, akipanga chumba kimoja Temeke. Wembe aliununua mnadani. Mwuzaji alimwekea miwili mbele yake: mpya, unaomeremeta ndani ya boksi lake, na wa zamani, mpini wa pembe, bapa limelika kwa kunolewa.

"Mpya itabidi uuzoeshe," mwuzaji alimwambia. "Huu umeshazoea ndevu."

Audax akachukua wa zamani. Ulimkaa vizuri mkononi.

Sasa ulikuwa unachuruzika maji, na penye makali zilinata ndevu nyeupe. Zake zilikuwa nyeusi tii. Chumba kilinukia sabuni asiyoijua.

Aliogopa siku mbili. Siku ya tatu akasikia, nyuma ya pazia lililogawa chumba, mtu akinyoa taratibu, krr, krr, akiguna kama wazee wanavyoguna, na badala ya kukimbia alijikuta akisema, "Shikamoo."

Sauti ya wembe ikanyamaza. Kisha ikaendelea.

Tangu Yuliana afariki hakuwa na mtu wa kumwamkia nyumbani. Akaanza kumwachia yule wa nyuma ya pazia maji ya moto.

Jirani yake Rosalia, mwuza maandazi, alimsimamisha uani. "Kaka Audax, unaongeaga na nani asubuhi?"

"Na mgeni wangu."

Rosalia alimtazama usoni, akashusha sauti. "Mbona umeota mvi hivyo? Mwezi uliopita hukuwa nazo."

Audax akarudi ndani, akaukunjua wembe, na hapo akaona kwamba ndevu zilizonata kwenye chuma zilikuwa nyeusi, nyeusi kabisa, na alipojishika kidevu mbele ya kioo vidole vilipita juu ya ngozi iliyolegea kama ya mtu wa miaka sabini, na nyuma ya pazia mtu akakohoa, kikohozi chepesi cha kijana.

Rosalia alimleta Mzee Shomari, mganga wa Mtoni. Akaufunika wembe kwa kitambaa cheupe, akafukiza ubani, akasoma.

"Mwambie humtaki," alinong'ona. "Lazima aisikie sauti yako."

Audax aligeuka kulitazama pazia.

"Mwanangu, atakumaliza."

"Mzee, nikirudi kazini hakuna mwingine anayeningoja."

"Sema."

"Sikutaki," Audax alisema, machozi yakimtoka.

Pazia likatikisika. Sauti ikatoka, changa, ya upole: "Mie nilikutaka." Mlango ukafunguka wenyewe, na nyayo za maji zikajichora sakafuni, moja baada ya nyingine, hadi nje.

Mzee Shomari aliuchukua wembe akauzike. "Siku saba usimfungulie mtu," alisema. "Atabisha. Atakuita kwa jina."

Audax akakomea mlango, akaketi kitandani, akasikiliza. Siku saba zilipita.

Hakubisha mtu.